Kipa Tuliyemtangaza Mapema

Kosa langu la kwanza nilipojipa kazi ya kutangaza usajili wa timu yetu ya soka ya walinzi wa majengo ya Jumeirah Lake Towers, huku ughaibuni, lilikuwa kumtangaza kipa mpya kabla ya kumuuliza ofu yake, siku yake ya mapumziko, ni lini. Tangazo nililihariri mpaka macho yakauma. Ligi huchezwa Jumapili; yeye hupumzika Jumanne.

"Kipa wenu atadaka kwa simu?" shabiki wa wapinzani wetu wa Al Rigga akaandika kwenye grupu la ligi.

Msimamizi wa kipa wetu kazini alikataa kumbadilishia siku, na timu yake ya zamani ilikuwa imeshasajili kipa mwingine. Nilimwomba kipa radhi.

"Khalas, yamekwisha, ndugu," akasema. Msimu mzima hakucheza popote.

Siku hizi nauliza ofu kwanza, ndipo naandika jina.