Nchi Mbili Zilizoonewa

Kila asubuhi, kabla hajaingia ofisini mwake, Shangazi hupiga hodi mlangoni mwake mwenyewe. Husubiri kidogo, hujijibu "Karibu," ndipo huzungusha ufunguo. Mpwa wake, ambaye ndiye msaidizi wake kitivoni, alishazoea. Wageni ndio hushtuka. Shangazi huwaambia kuwa aliyezeeka akifundisha sheria za kimataifa hawezi kuvuka mpaka bila ruhusa, hata ukiwa wake.

Wanafunzi humwita Mama Mikataba. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha walinzi, na akieleza ugomvi wa mataifa utadhani anasimulia majirani waliogombea kamba ya kuanikia nguo. "Vita havianzi kwa mizinga," husema. "Huanza mtu mzima anapokataa kusalimia." Darasa lake hucheka mpaka darasa la jirani, la sheria za kodi, hugonga ukuta.

Lakini mwaka huo wanafunzi walikuwa wachache hata wakaenea kwenye benchi mbili tu, na Mkuu wa Kitivo akaja na habari kwamba huenda somo likafungwa.

"Nitakaa kama jaji kwenye ile kesi yenu ya mazoezi," alisema. "Nikiona kesi imesikilizwa ikaamuliwa, tutaongea. Nikiona maigizo, tusilaumiane."

Shangazi akacheka, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi, alikoroga sukari kwenye glasi ya maji baridi akidhani ni chai, akainywa yote.

Kesi ilikuwa kati ya nchi mbili za kubuni, Kijani na Njano, zilizogombea kisiwa kisicho na mtu ila ndege na mnara wa taa. Mnara waliujenga Kijani. Lakini waliokitumia kisiwa tangu enzi za mababu ni wavuvi wa Njano. Kwa utaratibu wa Shangazi, timu mbili za wanafunzi hukutana zenyewe zikapatana nani awe mlalamikaji na nani mlalamikiwa. Ila hawa waliuvaa uraia wao mpya hadi shingoni. Kiongozi wa Kijani, binti mwembamba aliyeitwa Sindano kwa ulimi wake, aligombana na kiongozi wa Njano, jamaa mnene waliyemwita Bonge, wakigombea meza ya dirishani maktabani. Siku hiyohiyo nchi mbili zikavunja uhusiano wa kibalozi. Wakawa wanapelekeana ujumbe kupitia kwa mtunza maktaba, mpaka naye akajiuzulu usuluhishi.

Siku ya kesi ukumbi ulifurika, maana fununu zilishasambaa. Mkuu amekaa mbele na joho lake. Sindano akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, sisi Kijani ndio walalamikaji."

Bonge naye juu. "Haiwezekani! Walalamikaji ni sisi. Tumeonewa!"

"Mmeonewa na nani?"

"Na nyinyi!"

Mkuu akafunua faili la Kijani, akafunua la Njano. Kote malalamiko, utetezi hata ukurasa hakuna. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu hakucheka. Alianza kukusanya karatasi zake.

Mpwa akageuka kumtafuta Shangazi kitini. Lakini Shangazi alishainuka.

"Mheshimiwa, hata mahakama za mataifa hupokea dai, na dai la kujibu dai. Tunaendelea! Ila leo hakuna atakayesema lake kabla hajasema la mwenzake, mpaka mwenzake aridhike. Sindano, mwanangu, hebu walilie wavuvi wa Njano."

Sindano akabetua mdomo. "Wavuvi wao walikuwa wanapumzika hapo kisiwani..."

"Kupumzika!" Bonge akaruka. "Dada, walikuwa wanajikinga na dhoruba! Sema vizuri."

Akasema vizuri. Akaongeza na watoto wanaongoja ng'ambo, wakitazama maji. Bonge akafuta macho kwa tai yake. Zamu yake ilipofika, aliutetea mnara wa Kijani kwa moyo wote, akazililia meli zilizookolewa, akapiga meza, na mwishowe akaidai fidia nchi yake mwenyewe.

"Basi chukueni kisiwa!" akamalizia.

"Hatuchukui! Wavuvi wenu walale wapi?"

"Na taa nani ataiwasha? Chukueni!"

"Bonge, usinikasirishe. Nimesema ni chenu!"

"Chenu!"

Ugomvi ukaanza upya, kila nchi ikikisukuma kisiwa kwa mwenzake kama sahani ya mwisho mezani. Watazamaji walikuwa hoi, wengine wameshikilia mbavu. Mkuu akaziachia karatasi, akagonga meza kwa kiganja.

"Kimya! Kisiwa hakikosi mwenyewe mbele yangu!"

Akatoa hukumu palepale, joho likimvuka bega: kisiwa na mnara ni vya Kijani, na wavuvi wa Njano watatua na kulala humo wapendavyo, asiwaulize mtu. Ukumbi mzima ukasimama. Sindano na Bonge walikumbatiana, kisha wakakumbuka, wakaachana. Mkuu akashuka jukwaani jasho likimtiririka, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Mwakani tuwekee kesi ya mto," akamnong'oneza Shangazi. "Mito naiweza."

"Mwakani?"

"Kwani wewe mwakani hufundishi?"

Shangazi na Mpwa wakabaki kupanga viti, wakicheka hata pasipo cha kuchekesha. Kiti kikianguka, wanacheka. Mpwa, ambaye si mwingi wa maswali, akauliza moja tu.

"Shangazi, ulijua watafika huko?"

"Wapi! Nilitaka waongee tu, mpaka magoti yangu yaache kutetemeka."