Uji wa Jumanne

Mwanangu, nakumbuka kwanza mlio: ndoo ikibingirika bafuni, enzi tulipokuwa tukiishi mtaa wa Tena, Nairobi, kisha sauti ya mama yangu akiniita polepole, kama mtu asiyetaka majirani wasikie. Nilimkuta sakafuni. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitalini daktari alisema mfupa huo hautaki kungoja. Mzee akilala chali siku nyingi, mapafu huziba, mgongo huchubuka, miguu husahau kutembea. Lakini upasuaji wa mifupa ulifanywa Jumanne tu, na damu ilibidi itoke kwa jamaa. Kaka yangu, aliyekuwa akishona akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor, akaacha kazi akaja kutoa yake. Basi likabaki jambo moja, jepesi kuliko yote: tangu usiku wa kuamkia Jumanne, mama asile wala asinywe kitu hadi aitwe.

Saa saba mchana alikuwa bado kwenye foleni ya upasuaji, na wageni wakaruhusiwa kuingia. Mama Nekesa, jirani aliyeimba kwaya moja na mama, akafungua chupa ya uji. Nikamwambia mgonjwa amekatazwa kula.

"Kwani uji ni chakula?" akaniuliza. "Ama unataka apasuliwe akiwa ameshakufa njaa?"

Nikaona aibu. Nikashika kikombe mwenyewe, mwanangu, nikamnywesha.

Saa nane wakaja na machela. Sista, muuguzi wa wodi, akaona uji mdomoni mwa mama, akaigeuza machela. Ngoja Jumanne ijayo. Na Jumanne hiyo, ungedhani nimejifunza? Shangazi alitoka mtaa wa Fedha na yai la kuchemsha, akaapa atampa nusu tu. Nilitazama dirishani mama akitafuna. Machela ikarudi tupu tena.

Hapo sista akanivuta kando. Akanieleza kwamba mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, akafia mezani. Kisha akaniuliza, "Unamwonea aibu nani, dada? Huyo jirani ndiye atambeba mama yako chooni?"

Mama alipasuliwa Jumanne ya tatu. Alipona, ila kwa magongo mawili, na kidonda cha mgongo kilichochukua miezi kufunga. Bado naudhika nikikumbuka, na wa kwanza kuudhika naye ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nisikilize. Siku ukiuguza mtu, uliza kwa nini asile, na mpaka lini. Waambie wageni kabla hawajapika. Keti kando ya kitanda, usibanduke. Utaitwa majina, acha uitwe. Mungu akupe mikono laini kwa mgonjwa na uso mkavu kwa wageni.

Mimi Jumanne hiyo ya tatu nilimzuia Mama Nekesa kabla hajaketi. Akaniambia Nairobi imeniharibu, kwamba namuua mama yangu kwa njaa. Nikamshukuru kwa kuja, nikamsindikiza na chupa yake hadi mlango wa wodi. Akatoka bila kuaga. Nikaufunga.