Kura ya Mama na Tangi la Mgombea

Siku hizi nikisikia spika za kampeni zikipita hapa Kawangware, kinachoanza kuniuma ni mgongo. Watu wakidhani nina chuki na siasa, wacha wadhani. Nimechoka tu.

Uchaguzi uliopita, mmoja wa waliotaka kiti cha MCA, yaani diwani wa wadi yetu, alituletea tangi la maji kwenye ploti. Tangi jeusi, kubwa, limebandikwa picha yake ubavuni akicheka na meno yote. Boza lilikuja kulijaza bure. Wapangaji wakashangilia, wakavaa fulana zake, na jioni hiyo hiyo wakaambiana, "Wakileta, kula. Kura ni yako." Na mimi nilicheka nao. Yule jamaa sikumpenda hata kidogo. Alikuwa akikusalimia huku anaangalia simu yake, na nilimwambia mama wazi kwamba mtu wa namna hiyo akipata kiti hatutamwona tena.

Mama hakucheka. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga na vivuli. Kabla ya tangi, maji yote ya nyumba niliyabeba mimi kutoka bomba la upande wa Riruta, tena baada ya kusimama siku nzima Soko la Toi nikiuza blauzi za mitumba. Hata kuosha kikombe, alikuwa anangoja mimi nirudi. Tangi lilipokuja akajifunza njia: anapapasa ukuta, anahesabu milango, anafika kwenye koki, anateka mwenyewe. Nikawa nikirudi nakuta nguo zimefuliwa na kuanikwa. Nyingine zilikuwa bado na povu, lakini nani angethubutu kumwambia? Mwanamke aliyelima mawe ya Kitui akatulea sote alikuwa amepata kazi tena, na alikuwa akiimba.

Siku ya kura tulienda polepole hadi shuleni, amenishika mkono. Asiyeona huruhusiwa kusaidiwa na mtu wake, basi nikala kiapo mbele ya afisa kwamba nitaweka alama anapotaka yeye na sitamtangazia mtu. Karatasi zile nyingine alizimaliza haraka. Ilipofika ya MCA, akaniinamia sikioni.

"Huyo wa tangi."

"Mama, una hakika?"

"Shukrani ya punda ni mateke. Mimi si punda."

Moyo ulikataa, mkono ukatii. Niliweka alama pale pale, kando ya picha yake na yale meno, na afisa amesimama anaona. Mama akaitumbukiza karatasi mwenyewe, kisha akalipigapiga sanduku kwa kiganja, namna anavyofanya akimaliza kufunika unga. Yangu niliipiga nilivyotaka, na hilo halimhusu mtu.

Jamaa alianguka, tena vibaya. Rangi ya kidoleni haijatoka, vijana wake wakaja na mkokoteni. Hapa kwetu hilo si jipya. Mtu akishindwa hurudia vyake, uchaguzi wa nyuma taa ziling'olewa, viti vya kanisa vikabebwa. Wapangaji wote wakajifungia ndani, aibu imewashika. Aliyetoka ni mama, akipapasa ukuta.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunachukua tangi, mathe. Tumetumwa tu."

"Mwambieni mimi nilimpigia."

Wakaangua kicheko. "Mathe, hii mtaa kila mtu anasema alimpigia. Hizo ni stori za jaba, za wala miraa."

"Mimi si kila mtu. Nilipigia pale shuleni, chumba cha mwisho, kile karibu na choo. Muulizeni huyu msichana wangu."

"Ni kweli," nikasema. "Alama niliiweka mimi." Kiapo nacho kikaenda hivyo.

Mmoja wao akaacha kufungua koki, akatuangalia. Huyu hakuwa anacheka. "Chumba cha mwisho? Huko ajenti wake nilikuwa mimi, sistee. Nilikaa hadi wakamaliza kuhesabu. Huko buda wetu alipata yai. Hata moja haikutoka."

Mungu wangu! Labda ilihesabiwa vibaya, labda iliangukia fungu la mwingine, labda huyo ajenti mwenyewe alisinzia. Nilisema yote hayo, kwa sauti, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Maji yakafunguliwa ili tangi liwe jepesi. Hapo milango ikafunguka, majirani wakamiminika na beseni wakisukumana, aibu imeisha. Mama akasimama katikati yao, ndara zimelowa. Kisha akageuka, akahesabu milango, akaingia ndani.

Jioni nilipotua mtungi wa kwanza mlangoni, aliniuliza kwa upole, kana kwamba anauliza kama chumvi imetosha.

"Mwanangu, ile alama uliiweka wapi?"

"Uliponiambia, mama."

"Haya."

Heri angenigombeza. Mama akigomba mnamaliza, mnakunywa chai. Ile "haya" iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu alijua vile nilivyomchukia yule mtu, na mimi sina shahidi. Afisa sijui yuko wapi. Karatasi yenyewe haina jina. Aliyeshinda naye hatujamwona hata kivuli, na mama ameanza tena kuningoja hata kwa kikombe.

Juzi spika zikapita tena, mwingine anatangaza atatuletea maji. Mama alikuwa kitandani anamenya maharagwe. Akasikiliza mpaka sauti ikapotelea huko chini.

"Safari hii," akasema, "alama nitawekewa na afisa. Wewe utanifikisha tu mlangoni."

Nilichukua mtungi nikaenda bombani.