Kisanduku cha Sababu ya Safari

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba njiani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anasindikizwa hadi nyumbani, anakalishwa mkekani katikati ya shangazi na mama zake wadogo, ndipo anaambiwa. Analia akiwa ameshikwa. Desturi hii naijua vizuri, na mimi ndiye niliyeivunja.

Mama alifariki alfajiri, kijijini kwetu Mkunya. Mjomba alinipigia nikiwa Masasi, ninakoishi jirani na mdogo wangu wa kike.

"Mlete," alisema. "Na asijue mpaka afike hapa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mama amezidiwa na anamwita. Simu yake ya kitochi niliiomba, nikaitia mfukoni mwangu, asije akapigiwa na mtu wa pole.

Kisha nikatafuta gari kwa simu janja yangu. Kuna aplikesheni ambayo mwenye gari dogo anatangaza safari yake, na watu wasiojuana wanachukua nafasi zilizobaki. Niliijaza fomu yake kama ninavyojaza fomu zote, toka juu hadi chini. Idadi ya abiria, mahali pa kupandia, mahali pa kushukia. Kisanduku cha mwisho kiliuliza sababu ya safari. Hakikuwa cha lazima. Niliandika: "Msiba wa mama yetu mzazi." Hakuna mahali palipoeleza kwamba maneno hayo yangeonekana kwa kila abiria wa gari lile. Nimerudi kukagua mara nyingi. Hakuna.

Mbele alikaa abiria mwenzetu, muuza salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, mtu mnene, msemaji.

"Kaka, unaendesha kama umebeba mayai," alimwambia dereva.

"Nimekubeba wewe, mzee. Springi zinalia."

Mdogo wangu alicheka kidogo. Mapajani alishika chupa ya uji aliompikia mama.

Tulipopita Lulindi, yule bwana alifungua aplikesheni ile kwenye simu yake aone anasafiri na akina nani. Akasoma, akageuka nyuma, sauti imeshuka.

"Jamani, poleni sana. Mimi napiga kelele tu, kumbe mmefiwa na mama."

Niliweka kidole mdomoni. Haikusaidia kitu.

"Mama gani, kaka?" mdogo wangu aliniuliza.

Akaichukua simu ya yule bwana mkononi mwake, akasoma mwenyewe.

"Huyu hata hatumjui," alisema taratibu. "Huyu umemwandikia. Mimi ukaniacha nipike uji."

Dereva alisimamisha gari. Mdogo wangu alishuka, akakaa kwenye majani kando ya barabara, akalia. Aliyemshika ni muuza salfa, kwa sababu mimi alinisukuma.

Nina hasira na walioitengeneza aplikesheni ile. Walikaa mahali, wakaamua kwamba abiria wote wasomeane habari zao, bila kumuuliza hata mtu mmoja. Baadaye niliwaandikia, nikaeleza kila hatua. Walinishukuru kwa maoni yangu, wakaniomba niipe safari ile nyota. Nina hasira na yule bwana pia, ingawa alisema tu ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelisema, na hilo linanikera zaidi. Lakini kisanduku kile hakikujijaza. Kingeweza kubaki kitupu. Nilikijaza kwa sababu sipendi kuacha nafasi wazi kwenye fomu, na mpaka leo sijapata sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Tulipofika Mkunya, shangazi wawili walitoka kutupokea.

"Karibu, mwanangu. Mgonjwa wetu..."

"Nimeshajua, shangazi," alisema mdogo wangu, akawapita, akaingia ndani peke yake.

Mjomba aliinuka kwenye kiti chake.

"Nani amemwambia?"

Ningeweza kumweleza habari ya simu, fomu na muuza salfa. Nilisema, "Mimi."

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono kuelekea viti vilivyopangwa upande wa pili wa uwanja, walikokaa majirani na watu wa mbali.

"Basi kaa kule na wageni."

Nilikwenda nikakaa.