Shati la Kukaushia Ndege

Rubani mstaafu hakuwahi kuosha hata kikombe nyumbani kwake, lakini kindege chake cha viti viwili alikiogesha kama mtoto mchanga. Mkewe alimkuta uwanjani amekiegesha kivulini, anakiosha kwa sabuni laini taratibu, akichunga maji yasiingie kwenye matundu ya hewa.

"Nipe kitambaa kikavu," alisema bila hata kugeuka. "Maji yakibaki kwenye bawaba yataleta kutu."

"Na bomba la jikoni linalovuja tangu mwaka jana, lenyewe haliozeshi kitu?"

"Hilo dogo, mama."

Mkewe akasonya. Alikuwa ametoka kumchukulia shati kwa dobi, la kuvaa jioni hiyo kwenye harusi ya binti yao. Akamrushia, aone kama mwanamume huyu ana haya.

Rubani alikausha bawaba zote, akapenyeza kola kwenye kila upenyo, kisha akanyoosha mkono.

"Hili limelowa. Huna lingine?"

Mkewe alimtazama kama anavyotazamwa mende, akaondoka. Harusini aliingia na kaka yake, na mawifi walipomuuliza mumewe yuko wapi, aliwajibu kwa sauti:

"Yuko kwa mke mdogo, anamkausha mgongo."