Hema la Wawili Ufukoni kwa Kasa

Kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini, Dada Ratiba alimpigia simu mchumba wake, mwongoza wageni kule msituni. "Kima wameamkia wapi leo?" Akishajibiwa, ndipo alipopanga safari za wageni kisiwani. Wenzake ofisini walimtania, "Unauliza kima au unamuuliza kidume?"

Juzi mchumba alimwambia, "Nipangie safari ya watu wawili, iwe nzuri kuliko zote." Moyo ulimwenda mbio. Miaka yote alipangia wengine, yeye mwenyewe hajawahi kumwona kasa akitaga. Akachagua hema linalotazama ufuko, akaagiza na mto laini, maana shingo ya mchumba humsumbua.

Leo mchumba aliingia ameshikana mikono na binti mgeni.

"Dada Ratiba, huyu mke wangu. Tumefunga ndoa Ijumaa. Safari yetu iko tayari?"

Dada Ratiba akamwonyesha bibi harusi njia kwenye ramani, kituo kwa kituo.

"Kasa akipanda kutaga, usimmulike tochi, mdogo wangu. Atarudi baharini na mayai yake."

Akachukua mkoba, akatoka. Hakurudi tena.