Sauti ya Baba kwenye Seva ya Shemeji

Shemeji yangu tunamwita Mtambo, na jina hilo analifurahia kwa sababu hajui kwamba tulimpa kwa dharau. Amemuoa dada yangu. Mchana ni karani kwenye ghala la vipuri vya magari, kazi anayoifanya huku anasinzia. Akirudi nyumbani anajifungia chumba cha nyuma, kile ambacho dada alitaka kiwe cha mtoto, na humo anageuka mtaalamu ambaye dunia haijamtambua bado.

Chumba chenyewe nimekiona. Mezani kumepangwa kompyuta kuukuu ambazo plastiki yake imegeuka njano, na chini kuna waya hadi huna pa kuweka mguu. Mojawapo inasoma michezo kutoka kwenye kaseti, hizi hizi za redio. Unatia kaseti, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, unasubiri mpaka chai yako inapoa, halafu skrini inakuonyesha kidoti kinachokimbizwa na kidoti kingine.

"Umeona, shemeji?" aliniambia siku ya kwanza, uso umemchangamka kama bwana harusi. "Mashine hii imekuzidi umri!"

"Hata cherehani yangu imenizidi umri," nikamwambia, "lakini inashona."

Wala hakunisikia. Alikuwa ameshainama kurudisha kaseti nyuma.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa chini ya meza: seva. Aliiunga mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza, kompyuta isiyo na skrini na isiyozimwa, feni inavuma usiku na mchana. Humo alitaka ziwekwe picha zote, video zote na nyaraka zote za ukoo. Kila tukikutana, iwe anazikwa mtu au anaolewa, yeye alikuwa na mahubiri yake. Mnayakabidhi maisha yenu kwa wageni! Simu zinaibiwa! Leteni kwangu, mimi nina diski mbili, moja ikifa nyingine ipo. Watu walimpa vitu vyao ili anyamaze. Dada alimpa kwa sababu ni mumewe, na kwa sababu, Mungu amsamehe, alikuwa anamwamini.

Baba yetu alikuwa dereva wa malori, msimuliaji hasa. Alipostaafu, dada akaanza kumrekodi. Jumapili mchana anamketisha kwenye kiti chake, anawasha, na mzee anamwaga maneno: barabara alizopita, magari yaliyomharibikia porini, mama yetu alivyokuwa msichana. Mama tulimpoteza tukiwa wadogo mno, kwa hiyo hayo ya mama tulikuwa tunayasikia kwa baba tu. Mtambo naye akajiingiza. Akaleta maikrofoni yake, akasema simu si mahali pa kuweka kitu cha thamani, akahamishia rekodi zote kwenye seva na kuzifuta simuni.

Kisha baba akapata kiharusi. Mguu ukarudi, mkono mmoja ukarudi, maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu, ila akifungua mdomo hutoka pumzi tu. Tukampata mtaalamu wa matamshi, mwanamke mmoja mpole anayekuja nyumbani, na huyo akatuuliza swali lililomfanya dada yangu aruke kitini.

"Mna sauti yake ya zamani popote? Wengine wakijisikia wenyewe wanaweza kufuatisha. Siwaahidi, lakini tujaribu."

"Tunayo!" dada akasema. "Tunayo tele!"

Jioni hiyo akamwomba mumewe. Mtambo akasema seva inajisasisha, asubiri. Kesho yake feni ilikuwa na matatizo. Siku iliyofuata akawahi kazini, yeye ambaye hajawahi kuwahi kazini. Nilikuwepo dada alipochoka na kwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Nataka sauti ya baba. Sasa hivi."

Mtambo akajikuna shingo. Akaanza mbali, kama kawaida yake akiwa na kosa. Kumbe alikuwa amepata mkusanyiko wa michezo ya zamani, mamia ya vidoti vinavyokimbizana, na diski ya kwanza ilikuwa imejaa. Basi akaziondoa rekodi za baba kwenye diski ya kwanza ili apate nafasi, akijua nakala ziko kwenye ya pili. Alichosahau ni kwamba yeye mwenyewe aliandika programu ya kuifanya diski ya pili ifanane na ya kwanza kila saa. Kinachoongezeka huku kinaongezeka kule, na kinachofutwa huku kinafutwa kule. Kwa hiyo saa ilipofika, kule nako kukafagiliwa.

"Programu yenyewe ilifanya kazi vizuri kabisa," akasema, na naapa niliisikia fahari humo ndani.

"Ulijua lini?" dada akamuuliza.

"Kabla mzee hajaugua."

"Na ukanyamaza."

"Nilijua angesimulia tena."

Nilitaka kumrukia. Dada alinishika mkono.

Mtambo akaomba likizo akajifungia kutafuta mabaki, maana anasema kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, huondoka kinapoandikiwa juu. Na juu yake alikuwa ameandika michezo. Marafiki zake wawili watatu wa aina yake walikuja kumpa pole, yeye! Waliniambia nimwonee huruma, jamaa hali wala halali. Sikumwonea, na mpaka leo simwonei. Hatimaye akatoka na kipande kimoja, amekonda, anakibeba kwenye kompyuta ndogo kama mtu aliyeleta zawadi.

Tulikisikiliza sebuleni mtaalamu alipokuja. Baba kwenye kiti chake, dada karibu naye, Mtambo amesimama mlangoni. Sauti ya baba ikatoka, nzima, nene, yenye kucheka kwa ndani.

"Sasa mama yenu, siku ile nilipomwona mara ya kwanza, mkononi alikuwa ameshika..."

"Samahani, mzee, hebu subiri kidogo," ikaingia sauti ya Mtambo. "Nisogeze hii maikrofoni. Unajua hii niliifungua mwenyewe? Waya wake wa ndani ulikuwa hafifu, sasa mimi nikachukua..."

Akaendelea kuieleza hiyo maikrofoni mpaka kipande kikaisha.

Baba akainua mkono wake mzima: rudieni. Dada akarudia. Ilipofika pale, baba akafungua mdomo, macho yakamtoka kwa kujitahidi, na ikatoka pumzi. Juu ya pumzi hiyo Mtambo akaanza na maikrofoni yake. Mama alikuwa ameshika nini anajua baba peke yake, na anakijua wakati huu tunapomtazama. Akainua mkono tena.

"Naweza kuikata ile sehemu yangu," Mtambo akasema kwa sauti ndogo, ameshaanza kugeuka. "Dakika moja tu."

"Iache," dada akasema bila kumwangalia. "Na usitoke. Kaa hapo, usikilize."

Akabonyeza tena.